Uliza Fundi: Maandishi yaliyopotelea ndani ya tanga

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Mimi ni nahodha hapa Shela, Lamu, natembeza wageni. Nimepiga picha ya mashua yangu tanga limejaa upepo, nataka niandike juu yake «Safari za Manda na Takwa», saa ya kuondoka na nambari ya simu. Natumia GIMP, programu ya kuhariri picha, kwenye kompyuta ya kaka yangu. Maandishi meupe yamepotelea ndani ya tanga, na nikiyatia wekundu yanaumiza macho. Isitoshe, juzi nilitaka kurekebisha nambari nikakuta hayaguswi tena. Picha nimekuletea. Nifanyeje?

JIBU: Wa aleikum salaam, mwanangu. Nianze na hilo la mwisho, maana liliwahi kunikesha. Nilitengeneza tangazo la maulidi ya mtaani kwetu Langoni, nikalitoa kama JPEG, faili la kawaida la picha, nikafunga bila kuhifadhi kitu kingine. Mwezi ukaandama siku tusiyoitarajia, tarehe ikabidi ibadilike. JPEG huyagandisha maandishi na picha yakawa kitu kimoja, hayatenganiki. Nilianza upya tangu herufi ya kwanza, na alfajiri ikanikuta mezani.

Kwa hivyo ukimaliza, bonyeza kwanza Ctrl na S. GIMP itahifadhi faili la XCF, na humo maandishi hukaa kwenye tabaka lake, mbali na picha. Faili hilo ni lako, usimpe mtu. La kutuma hutolewa kando kwa Ctrl, Shift na E. Chagua PNG, aina nyingine ya faili la picha, kwa sababu JPEG huziachia herufi ukungu kwenye kingo.

Sasa tanga. Nimeitazama picha yako kwa macho nusu yaliyofumba, na wewe ifanye hivyo. Tanga limeshika katikati na kulia. Chini maji yanametameta. Lakini juu kushoto pana mbingu ya alasiri, tupu kabisa. Hapo ndipo pa jina la safari. Tanga liache, ndilo litakalomvuta mgeni, na kuliandika juu yake ni kulifunika.

Bonyeza T, gusa hapo mbinguni, andika. Usishtuke herufi zikitokea ndogo kama sisimizi. Ukubwa wake huhesabiwa kwa pikseli, na picha yako ina upana wa pikseli 4000. Jaribu 250, kisha panda.

Rangi usiikisie. Bonyeza Esc utoke kwenye kuandika, kisha O, kipanya kigeuke cha kuchotea rangi, uguse ubavu wa mashua ule ulio kivulini. Utapata hudhurungi nzito inayokaribia weusi. Rudi kwenye maandishi, yape rangi hiyo. Naipenda sana njia hii: maneno huonekana yametoka kwenye picha yenyewe, wala hayaonekani kama kibandiko.

Nambari ya simu naona waitaka chini, juu ya maji. Pale hakuna rangi itakayosimama peke yake. Ongeza tabaka jipya lililo wazi, bonyeza R uchore mstatili mrefu, ujaze weusi, halafu punguza uzito wa tabaka hilo (Opacity) hadi asilimia 50 hivi. Kwenye orodha ya matabaka liburute likae juu ya picha na chini ya maandishi. Mmeto wa maji utapoa, na nambari nyeupe itasomeka. Vivuli vya rangi rangi na herufi za mapambo achana navyo, vinakula tarakimu.

Saa ya kuondoka usiiandike kabisa. Takwa, yale magofu ya kisiwa cha Manda, wewe waijua kuliko mimi: mkondo wa mikoko hupitika maji yakijaa, na maji husogea kama dakika 50 kila siku. Andika «kwa maji kujaa, piga simu».

Kabla hujaituma, ifungue kwenye simu, umpe kaka yako asimame hatua tatu mbali nawe akusomee nambari. Akikosa hata tarakimu moja, rudi ukaongeze ukubwa.