Msitenge mchongaji na mchuuzi, tazameni chini ya meza

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza kama waandaaji wa maonesho ya biashara wawatenge wachongaji na wachuuzi wa vinyago, kila kundi na safu yake, ili ushindani uwe wa haki. Jibu ni hapana. Mngetaka jibu fupi, mngeishia hapa.

Swali lenu linachukulia kwamba anayechonga ni mkweli, na anayenunua kwa jumla Mwenge, soko la vinyago la Dar es Salaam, akaja kupanga mezani ndiye mjanja. Lakini kinachoharibu soko safu nzima ni neno moja, "mpingo", likitamkwa juu ya mti usio mpingo. Nani kaishika patasi ni habari nyingine.

Mpingo una gharama zake hata kabla ya tezo kuugusa. Mti huchukua miaka 70 na zaidi kufikia unene wa kuvunwa, haukui ukanyooka, na magogo mengi yana uwazi katikati. Cheusi ni kiini tu. Sehemu nyeupe ya nje hutolewa, au huachwa kidogo kama pambo. Vyuma huisha makali upesi, kwa hiyo muda mwingi wa fundi huliwa na jiwe la kunolea. Ongeza kibali cha kuvuna na hati ya kusafirisha mazao ya misitu. Na kwa anayeuza nje, tangu 2017 jamii yote ya mpingo imo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini: bidhaa zilizokamilika hazidaiwi kibali iwapo mti uliomo kwenye shehena hauzidi kilo 10, ila ukivuka hapo una makaratasi. Mwenzako anachonga twiga kwa mti mweupe laini, anapaka rangi nyeusi jioni, anasugua kiwi asubuhi, na twiga wenu wanasimama meza mbili zinazotazamana, mmoja 45,000 na mwingine 15,000.

Hizo ndizo bei zilizokuwapo kwenye maonesho fulani ya kanda, mji hauna haja ya kutajwa, mabanda mawili yakitazamana na njia ya hatua tatu katikati. Siku ya tatu mwenye twiga wa 45,000 alichoka. Alituma kijana akanunue twiga mmoja kwa jirani, akaleta beseni la bluu, akalijaza maji, akaanza: "Karibuni mama, karibuni kaka, njooni muone mpingo unavyozama!" Wake akazama kama jiwe. Wa jirani akaelea ubavu, miguu juu. Watu wakacheka, wakajaa, wakanunua. Jirani hakuuza kitu hadi jioni.

Kwa nini unazama? Uzito wa mpingo mkavu ni kama kilo 1.2 kwa lita, na maji ni kilo moja. Hesabu hiyo ni sahihi. Kosa ni kuigeuza: kwamba kinachozama ni mpingo. Mti mbichi wa aina nyingi huzama pia, kwa sababu umejaa maji.

Siku ya nne jirani naye akaja na beseni, jekundu, kubwa kuliko la kwanza. Shehena yake mpya ilikuwa ya mti uliokatwa siku chache nyuma, haujakauka hata kidogo, umepakwa rangi nzito mpaka kwenye nyayo. Akatumbukiza twiga: akazama. Akatumbukiza kifaru: akazama. "Mmeona? Mpingo huu huu, kwa elfu kumi na tano!" Sasa mteja afanye nini? Ameona mabeseni mawili, twiga wawili chini ya maji, bei moja ni theluthi ya nyingine. Mama mmoja aliyekuwa ameshatoa 45,000 alirudi kudai chenji.

Siku ya tano yalikuwa vita. Maji yalikuwa yakimwagika njiani, na dada wa vikapu vya Iringa, banda la tatu, akalalamika kwamba milulu yake, nyasi za kusukia vikapu, inaingia unyevu na itaota ukungu (haki yake, milulu ikishika unyevu huweka madoa yasiyotoka). Twiga wa onesho wa mpingo wa kweli, aliyelowa na kukauka mara ishirini kwa siku chini ya taa kali, akapasuka mguu wa nyuma. Mpingo hukauka polepole mno, ndiyo maana magogo hupakwa nta kwenye vichwa na kuwekwa kivulini miezi mingi. Mguu mwembamba ukiloweshwa na kuchomwa na taa kwa zamu, ngozi ya juu hunywea kabla ya ndani, na ufa lazima utokee. Jirani akaunyanyua ufa ule juu watu wauone. Wake walikuwa bado hawajapasuka. Wangepasuka baadaye, nyumbani kwa watu: mti mbichi uliozibwa na rangi, tena uliochongwa kutoka tawi zima kiini cha katikati kikiwa ndani, hugawanyika kutoka kwato hadi tumboni.

Waandaaji walipofika waliamua kuhusu maji. Mabeseni yaondolewe, njia ikaushwe. Hakuna aliyegeuza twiga hata mmoja kuutazama mti.

Na hili ndilo linalojibu swali lenu. Mwenye twiga wa 45,000 hakuwa mchongaji. Alikuwa mchuuzi, ananunua kwa mafundi na kulipa mti kwa bei ya mti. Aliyekuwa akidanganya ndiye fundi. Alikuwa akichonga palepale nyuma ya banda lake, wateja wakimpiga picha, na vumbi na mabanzi chini ya meza yake yalikuwa meupe kama muhogo. Siku tano, mamia ya watu, hakuna aliyetazama chini. Mngewatenga kama mnavyopendekeza, angekaa safu ya heshima.

Basi jaribio gani linafaa? Kitambaa cheupe chenye spiriti, ambacho wauzaji wengi hukitegemea, hakifai. Mpingo wa kweli nao hutoa rangi ya zambarau iliyoiva kwenye spiriti, na mafundi waaminifu nao husugua kiwi kupata mng'ao. Utamhukumu asiye na kosa. Kinachofaa ni wembe. Geuza kinyago, kwangua chini ya kitako eneo la milimita tano kwa tano, kwa kina cha milimita mbili, maana rangi ya kupaka kwa kawaida haipenyi mbali. Mpingo utaonesha kahawia-zambarau yenye michirizi myeusi. Ukiona weusi sawasawa kama lami juu na rangi ya maziwa chini yake, umemaliza kazi. Mizani ya jikoni na jagi lenye mistari vinasaidia kama kipimo cha pili: kinyago cha gramu 600 cha mpingo hupandisha maji kwa karibu nusu lita. Peke yake hesabu hiyo inadanganyika kwa mti mbichi, kama tulivyoona.

Hapa ndipo hapana yangu inapoanza kulegea. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya 2003 inakataza kumpotosha mteja, sawa, lakini maonesho ni siku kumi na shauri haliishi siku kumi. Kibandiko cha "mpingo" chaweza kuandikwa na yeyote mwenye kalamu. Wauzaji kukaa na kupanga bei ya chini, dawa inayopendwa sana kwenye safu, sheria hiyohiyo haiitaki. Linalobaki ni kukagua asubuhi ya kwanza, kabla ya geti kufunguliwa, na kupanga watu kwa matokeo ya ukaguzi.

Kwa hiyo andikeni: ndiyo, watengwe, ila kwa mti. Safu ya mpingo uliokwanguliwa na kupigwa muhuri chini ya kitako, na safu ya miti mingine yote kwa majina yake. Hiyo ya pili isiwe safu ya aibu. Kenya wachongaji walihimizwa kuhamia mwarobaini, mwembe na mjakaranda ili mhugu na mpingo vipumue, na kinyago cha mwarobaini kinachoitwa mwarobaini hakimwibii mtu. Wapo watakaoleta mpingo siku ya ukaguzi na shehena nyingine siku ya nne, kwa hiyo wembe urudi siku ya nne. Kazi ndogo zisizo na kitako, kama bangili na vijiti vya nywele, sijui mtazikwangua wapi bila kuziharibu. Labda muuzaji atoe kipande cha sampuli, ingawa sampuli nayo ni neno lake tu.

Mabeseni yapigwe marufuku, hata kwa mwenye mpingo wa kweli. Na mabanzi yasifagiliwe hadi saa nne asubuhi.