Kabla ya drone, nunueni kauntabuku

Niseme ukweli, mafunzo yangu ya kwanza ya kulinda ardhi kwa simu na video kwa vijana wa kifugaji huku Manyara niliyaharibu mwenyewe. Siku tatu nzima tunaediti, tunaweka miziki, jamaa mmoja akaja na drone basi kijiji kizima kinaikimbilia, mimi najiona nimemaliza kazi.

Miezi michache baadaye trekta likalima katikati ya olopololi, yale malisho tunayotunzia ndama, kijana wetu akarekodi kila kitu na video ikazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka ikanifikia Arusha. Kwenye usuluhishi akaulizwa matatu tu: ulirekodi lini, ulisimama wapi, na ile yenyewe ya mwanzo iko wapi? Hana, simu ilijaa akafuta, na ile ya kwenye grupu haikusaidia maana WhatsApp ukituma kawaida inaibana picha na kufuta taarifa za saa na mahali.

Kwa hiyo siku hizi naanza na kauntabuku. Ukirekodi tu andika hapohapo tarehe, saa, nani kashika simu, mashahidi nani. Ukituma, tuma kama dokumenti. Kuposti kutasubiri, tena ukiposti kwa hasira unaweza kumwanika mwenzako sura na boma lake bila kujua.

Halafu mpaka wa ardhi yenu utembeeni kwa miguu, mkiuchukua kwa simu. App za GPS nyingi zinafanya kazi bila netiweki, hilo halina shida, shida ni kumpeleka kijana peke yake. Sisi tulienda na mzee mmoja, kijana akawa anafuata korongo, mzee akagoma, akasema korongo lilihama enzi za mvua kubwa, mpaka ni ule mstari wa migunga kule juu. Tulipofika kwenye oreteti, mti wa matambiko, akasema simu mfukoni, na tukaziweka. Visima mama zetu ndio wanavijua, ila ukiweka darasa saa za kukamua huwapati, utabaki na wanaume watupu.

Na msidhani video ndiyo hati. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaenda na mkutano mkuu wa kijiji na mihtasari yake, kwa hiyo piga picha muhtasari uliosainiwa kabla haujapotelea ofisini. Wahadzabe, wale wawindaji wa Yaeda Chini, walipata hati yao ya ardhi ya kimila 2011. Ndugu zetu Waogiek wa msitu wa Mau waliishinda serikali ya Kenya kwa kesi ya ardhi yao kwenye Mahakama ya Afrika hapahapa Arusha 2017, uamuzi wa fidia ukaja 2022, miaka mitano hiyo, sasa simu gani ya laki moja na nusu inadumu miaka mitano?

Nakala ziwe kwenye memori kadi mbili, moja itoke nje ya kijiji. Ya kwetu ya kijijini anayo mama mmoja, kaiweka kwenye kikopo chake cha shanga.