Maji meupe, mbona perege wamekufa?

SWALI: Nafuga perege Old Moshi, bwawa langu hupata maji ya mfongo, yaani mfereji wa kienyeji. Juu yangu kuna akina mama wa batiki, hutia rangi kila Ijumaa. Ijumaa iliyopita jioni niliokota perege 40 wamekufa, na maji yalikuwa meupe kabisa. Majirani wanasema ingekuwa batiki, rangi ingeonekana. Akina mama wako tayari kuchuja kwa mchanga na mkaa. Itatosha?

JIBU: Pole sana, mama. Haitatosha.

Vikundi vingi vya batiki hutumia rangi za vati. Rangi hizo zenyewe haziyeyuki majini, hutuama tu. Ninachokihofia ni vile vinavyoziyeyusha: kostiki soda na haidro (sodiamu haidrosulfaiti). Vyote viwili vikiwa majini havina rangi.

Waombe wakuonyeshe kitambaa cha buluu kikitoka kwenye beseni. Kinatoka kijani-manjano, kisha kikianikwa kinageuka buluu ukikitazama, kwa sababu kinavuta oksijeni ya hewani. Haidro iliyobaki kwenye beseni ina kiu hiyohiyo, na ikimwagwa inakunywa oksijeni ya maji. Perege ni mvumilivu, lakini oksijeni ikishuka chini ya miligramu 2 kwa lita utamwona anatweta juu juu.

Kwa maelezo yako, kostiki ndiyo naishuku zaidi, kwa kuwa hupandisha pH, yaani kipimo cha asidi na alkali majini. Perege hukaa vizuri kwenye pH 6.5 hadi 9. Ikikaribia 11 hufa. Kila namba moja inayoongezeka ni ukali wa alkali mara 10. Siku nyingine fungua shavu la samaki aliyekufa. La mzima ni jekundu. La aliyeungua limepauka na limejaa ute mzito. Tena kuna amonia, inayotokana na kinyesi na chakula kilichobaki. Kwenye pH 7 sehemu yake yenye sumu haifiki asilimia 1. Kwenye pH 9, maji yakiwa na joto la nyuzi 25, hufika karibu theluthi. Yaani uchafu ambao samaki wako walikuwa wanaishi nao salama unageuka sumu siku hiyohiyo. Nakusihi usimwage chokaa wakati huo, ingawa ndiyo wafugaji wengi hukimbilia. Chokaa nayo hupandisha pH.

Mchanga na mkaa vitashika rangi, kostiki itapita. Maji ya beseni na ya suuza la kwanza yaingie kwenye pipa, yasiguse mfongo. Wayamimine kutoka ndoo hadi ndoo ili yapate hewa, mpaka rangi ya kitambaa irudi majini, kisha yalale usiku kucha. Haidro itakuwa imekwisha na rangi itatuama. Asidi, hata siki, isitangulie hata kidogo: ikikutana na haidro hutoa gesi ya salfa inayochoma koo na kifua. Asubuhi wachote maji ya juu, watie siki kidogokidogo mpaka karatasi ya pH isome kati ya 7 na 8. Rangi ikibaki, ndipo watie shabu ya kutuamisha uchafu. Wengi huanza na shabu kwenye maji makali wakaona haifai kitu, kumbe haikupewa nafasi. Mchanga na mkaa vije mwisho. Tope likaushwe juu ya saruji, lisitupwe kwenye migomba, na kwa kuwa chumvi haitoki kwa njia hii, maji hayo yasimwagiliwe mboga.

Ukikaa na akina mama hao, zungumzeni kwa namba. Kanuni za ubora wa maji za 2007 zinataka maji taka yatoke yakiwa na pH 6.5 hadi 8.5, na karatasi ya kupimia kila mmoja anaweza kuisoma.

Wewe nawe nunua karatasi hizo. Ijumaa, tangu wanapoanza kusuuza, pima kila nusu saa pale mfongo unapoingia bwawani. Ikisoma zaidi ya 9, ziba mlango kwa magogo ya migomba na udongo, hata kama maji yanayokuja ni meupe kama ya chemchemi.