Jibu: Nyota mmoja kwa wachezaji sita, ni biashara?

Ndugu, umeuliza kama timu ya hoki ya barafuni ina akili timamu ikitoa kikosi kizima ili ipate nyota mmoja. Mimi ni mtu wa mitumba hapa Kibuye, Kisumu, kwa hiyo nitasema kwa lugha ya soko. Nyota ni koti lililotundikwa, umeshalipima. Haki ya kuchagua chipukizi, yaani zamu ya timu kuchukua vijana wapya wanaoingia ligi kila mwaka, ni robota lililofungwa: unalipa kwanza, unafungua baadaye, na kuna siku unapata matambara.

Mwaka 1992 Philadelphia, timu ya ligi ya NHL huko Amerika Kaskazini, walimchukua nyota chipukizi Eric Lindros kutoka timu ya Quebec. Walitoa Peter Forsberg, wachezaji wengine watano, haki mbili za kuchagua chipukizi katika raundi ya kwanza na dola milioni 15. Bei ya kuumiza! Lindros alikuwa mkali kweli, akawa mchezaji bora wa ligi 1995 na kuwafikisha fainali 1997. Ila mapigo ya kichwa yalimmaliza, na kombe la ligi hakulishika. Quebec walihamia Colorado 1995, wakalibeba 1996 na Forsberg wao. Haki moja kati ya zile mbili ilimleta kipa Jocelyn Thibault, ambaye naye alitumika katika biashara ya kumpata kipa Patrick Roy. Hilo robota lilikuwa na jaketi za ngozi.

Hata hivyo siwaiti Philadelphia wajinga. Mwili wa Lindros hakuna aliyeuona mbele. Siku hizi, tangu kikomo cha mishahara, yaani jumla ambayo timu inaruhusiwa kuwalipa wachezaji wake, kiingie 2005, mimi naangalia kwanza miaka iliyobaki kwenye mkataba, ndipo mabao.