Vijana wa kanisa kwenda Katesh: wabebe nini?
Ndugu, umeuliza vijana wa kanisa lenu wabebe nini kwenda kuwahudumia waathirika wa maporomoko ya tope mjini Katesh, wilayani Hanang, mkoani Manyara. Nguo zisiwe nyingi. Tope lililoporomoka kutoka Mlima Hanang Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 liliingia majumbani na madukani likiwa na mawe na magogo humo humo, na likikauka linagoma kabisa kutoka. Bebeni machepe, matoroli, glavu na mabuti ya mpira. Chakula chenu pia, msiwe mzigo kwa wenyeji. Kabla ya safari mpigieni mchungaji wa huko na mwenyekiti wa kitongoji. Wao wanajua mjane gani hajafikiwa. Mkikaa na wafiwa, tafadhali, sikilizeni kwanza. Wakitaka maombi watawaambia.