Ukienda Italia na kundi, uliza kwanza mtalala wapi

Mwaka juzi mimi na dada yangu mkubwa tulijiunga na kundi la watu 22 kuzunguka mikoa ya Toscana na Umbria, Italia, kwa siku 9. Ratiba ile tuliichagua kwa kuwa ilitaja miji mingi kuliko nyingine zote. Siku hizi mtu akiniomba ushauri namwambia asihesabu miji. Amtake wakala amwandikie kila usiku watalala hoteli gani, na iko mtaa gani.

Miji ya kale ya huko mingi iko juu ya vilima, imezungukwa na kuta, na magari ya wageni hayaruhusiwi kuingia katikati. Basi linawashusha chini, mnapanda kwa miguu, mnapewa saa moja na nusu, mnarudi. San Gimignano tuliiona hivyo. Ni mji mdogo uliobakiwa na minara 14 ya mawe, kati ya zaidi ya 70 iliyokuwapo zamani, kila ukoo wa matajiri ukijenga wake ili kuonyesha nguvu. Tulifika saa tano asubuhi pamoja na mabasi mengine tele, na mpaka leo nakumbuka migongo ya watu zaidi ya minara yenyewe.

Siena ndiyo iliyoniuma. Hoteli iliyoandikwa "Siena" kwenye ratiba ilikuwa kando ya barabara kuu, nusu saa kwa basi kutoka mjini, na ukishakula cha jioni huna pa kwenda. Piazza del Campo si uwanja wa kupita mbio. Umeinama kuelekea upande mmoja kama kombe, na sakafu yake ya matofali imegawanywa vipande 9, kwa kumbukumbu ya Baraza la Watu Tisa lililoutawala mji ule. Jua likipungua watu hukaa chini palepale wakazungumza, kama Forodhani kule Unguja. Sisi wakati huo tulikuwa ndani ya basi.

Orvieto tulilala siku mbili ndani ya mji. Jioni makundi ya kutwa yalipoondoka, tulibaki na wenyeji mbele ya kanisa kuu, jua la magharibi likipiga michoro ya dhahabu iliyo usoni pake. Asubuhi tulinunua mkate kabla ya wageni kufika. Ndiko pia nilikoona faida ya kuwa na mwongoza watalii anayeijua kazi. Alitupeleka kwenye Pozzo di San Patrizio, kisima alichoamuru Papa Clement VII alipokimbilia huko baada ya Roma kutekwa mwaka 1527. Kina chake ni zaidi ya mita 50, na kina njia mbili za ngazi zinazozungukana bila kukutana: nyumbu walishuka kwa moja kuchota maji na kupanda kwa nyingine. Ningekuwa peke yangu ningechungulia tu nikaondoka.

Dada yangu hakushuka, ngazi ni 248 na magoti yake yanamsumbua. Kama una mzee au mgonjwa wa miguu, uliza mapema kila mji unapandwaje. Perugia kuna ngazi za umeme zinazopita ndani ya Rocca Paolina, ngome ya Papa Paul III. Watu wa Perugia waliasi kwa ajili ya kodi ya chumvi mwaka 1540, wakashindwa, na ngome ikajengwa juu ya nyumba zao. Unapanda huku ukipita katika mitaa iliyofukiwa, kuta na milango bado imesimama. Wenyeji husimulia kwamba ndiyo maana mkate wao mpaka leo hauna chumvi. Dada aliupenda mji ule kuliko yote, kwa kuwa aliuingia bila kuomba mkono wa mtu.

Chukueni kanga. Makanisa mengi, likiwemo la Mtakatifu Francis kule Assisi, yanataka mabega na magoti yafunikwe, na kanga haina uzito mkobani. Viatu viwe vile ulivyokwisha kuvivaa miezi kadhaa, maana mawe ya njiani hayana huruma. Kwa sisi tusiokula nguruwe, neno la kujua ni "maiale". Ulizia hata supu ya maharage, kwani huweza kutiwa vipande vyake.

Kuhusu viza ya Schengen, ile ya kuingilia Italia na nchi nyingine nyingi za Ulaya, bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000, na ombi unaweza kulipeleka hadi miezi 6 kabla ya safari. Wakala akikuandikia barua ya hoteli kwa ajili ya ubalozi, isome anwani moja moja na uitafute kwenye ramani kabla hujamlipa salio. Mimi barua ile nilikuwa nayo mkononi wiki sita kabla ya kuondoka, na anwani ya hoteli ya "Siena" ilikuwa imeandikwa mle.