Hilo banda la bati litakuulia mbwa

Mkuu, simamisha fundi! Umeandika hapa kwamba unajenga banda la matofali Kigamboni, juu bati, mlango wa chuma, Boerboel wako, yule mbwa mkubwa wa ulinzi, awe anafungiwa asubuhi na kutolewa usiku. Na aliyekuuzia kakwambia "nywele fupi, asili yake Afrika Kusini, joto si kitu kwake." Maneno hayo hayo niliuziwa na mimi. Isije kuwa ni mtu yule yule.

Afrika Kusini ipi? Kule mashambani Free State, mwezi wa saba alfajiri majani yanaota barafu. Sasa linganisha na Dar ya Februari!

Mbwa hatoi jasho kama sisi. Anahema, maji ya ulimini na puani yanakauka, yanaondoka na joto. Hewa ya pwani imejaa unyevu, hayo maji yatakaukaje? Hapo nywele fupi zinakusaidia nini? Halafu ni kilo sabini za misuli, na pua yenyewe fupi.

Dume langu alikuwa na banda kama hilo lako, Tabata. Bati bila dari, kitundu kimoja cha "hewa", ndoo ya maji ndani. Nikajiona mfugaji wa kisasa. Saa tisa mchana dada wa nyumbani ananiita: kalala kwenye maji aliyoyamwaga, fizi nyekundu pyu, mate mazito yananing'inia, miguu ya nyuma haimbebi. Tukamfunika kanga zilizolowa, tukampakia kwenye gari, tukaingia kwenye foleni. Kwa daktari wa mifugo kipimajoto kikasoma zaidi ya 42, na kawaida ya mbwa ni 38 na ushee. Nikagombezwa: ungemmwagia maji pale pale na kumpepea, ndipo uje. Kanga iliyolowa ukimfunika nayo inafungia joto ndani. Usiku akaharisha damu. Asubuhi hakuamka.

Pesa niliyomnunulia ningepata bodaboda iliyotumika, na bodaboda angalau haihitaji kivuli. Mke wangu mpaka leo anasema nilioka mbwa kama mkate. Chekeni tu, nimeshazoea.

Nikampigia muuzaji. Unajua alinijibu nini? "Labda jirani kamwekea sumu." Sumu! Kisha akaniuliza kama nataka mwingine, ana watoto wapya.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja: banda likiisha, saa nane mchana ingia mwenyewe, jifungie, kaa humo mpaka chai ikupoe mkononi. Ukitoka unatweta, mbwa hakai humo. Mwache mchana chini ya mwembe, au banda liwe na wavu pande mbili upepo upite, bati liinuliwe juu na kuwekewa makuti. Na msimkimbize mchana kwa jina la mazoezi. Alfajiri tu, kabla ya jua.

Na ulivyouliza kama umpeleke Njombe, kule nyanda za juu kwenye baridi, kwa mjomba wako? Baridi ya Juni itamtetemesha, nywele zake fupi. Asilale kwenye saruji, apate chaga ya mbao na majani makavu, asilowe. Uliuliza na chakula, sijui na chanjo, wengine watakujibu.

Mabati kama umeshayanunua nitajie bei, mimi naezeka stoo.